Kidani Kimoja, Shingo Tatu

Nisogeleeni niwape fumbo; mwenye usingizi akanawe uso.

Kule Wete, Bi Shuweikha alikuwa na wakaza mwana watatu, wote wake wa mwanawe mmoja. Mwanaharusi, mke mkubwa, hakuvumilia uchafu. Time, wa kati, hakuvumilia fundi mzembe. Raya, bi mdogo, alikuwa hasahau neno alilotupiwa.

Mama mkwe alificha kidani chake cha dhahabu ghalani, ndani ya gunia la karafuu. Ghala lile halina dirisha. Hata mchana, giza tupu. Mume alitia kamera mbili, moja ghalani, moja ukumbini ikitazama mlango wa mbele.

Ile ya ghalani huona gizani kwa taa yake isiyoonekana na macho. Lakini buibui akitanda mbele yake, mwanga huirudia kamera usoni na picha yote huwa ukungu. Basi Mwanaharusi kila asubuhi na ufagio wake, huku akinung'unika kwamba bi mdogo amelala.

Ile ya ukumbini ilimwonyesha kila apitaye mlangoni mweusi kama chungu, maana jua lilikuwa nyuma yake. Fundi akasema ndivyo zilivyo. Time akamzuilia ngazi mpaka akairekebisha: ipige picha mbili kwa mpigo, moja ya jua, moja ya kivuli, iziunge. Nyuso zikaonekana.

Kidani kikapotea.

Wakatazama picha ya ghala. Mwanamke amewapa mgongo, kajitanda kanga nyeupe. Mwanaharusi moyo ukamruka kwa furaha. Nyumba nzima, mwenye kanga nyeupe ni Raya.

"Mama, mwizi wako huyo. Mwanao kamleta mwenyewe."

Raya hakulia. Akasogea akasoma maandishi mgongoni: *Kipya kinyemi, ingawa kidonda.*

"Hii ni yako, dada. Ulinivalia siku ya Idi, ukapita mbele yangu mara mbili nisome vizuri."

"Yangu nyekundu!"

"Kamera gizani haijui rangi," akasema Time. "Nyekundu huiona nyeupe."

Ikabidi Mwanaharusi akiri. Kanga ile alikwishampa Mize msusi, kwa kumletea habari za chumbani kwa Raya. Wakafungua picha ya mlangoni: Mize huyo anatoka, kanga nyekundu begani, maneno yale yale, uso wazi. Wakamfuata kwake, kidani kikapatikana chini ya godoro.

Bi Shuweikha akakifuta kwa upindo wa kanga. "Aliyekirudisha akivae."

Mwanaharusi akatangulia kuinamisha shingo. Kisha akamwona Raya anamtazama, akaganda hapo hapo, asijue ainuke au angoje.

Bila ufagio, picha ni ukungu. Bila Time, uso ni masizi. Bila Raya, nani angejua nyeupe ya ghalani ndiyo nyekundu ya mlangoni?

Mama mkwe bado kashika kidani. Haya, ninyi mliokaa hapa, mngekivisha shingo ipi?