Nani Aliumua Mikate ya Harusi?

Tegeni masikio niwape kisa; jibu mtanipa nyinyi.

Palikuwa na kiwanda kidogo cha mikate chenye wafanyakazi watatu hodari. Mhoja alikuwa mkandaji: akigusa tu kinyunya, anajua kama kimeumuka. Kalunde alikuwa muuzaji, na hakuna mteja aliyetoka dukani kwake bila nyongeza. Shija, dereva, alikuwa msema kweli asiyeogopa mtu.

Akaja meneja mpya, Bwana Sumari. "Muundo mpya!" akatangaza. Mhoja akapewa gari, Kalunde akapelekwa kwenye unga, Shija akawekwa dukani. Hakuna aliyefundishwa lolote.

Basi vikawa vituko! Kalunde, kwa ukarimu wake wa dukani, akaupa unga nyongeza ya hamira. Kinyunya kikafura, kikamwagika, kikatambaa mpaka mlangoni. Shija akamwambia mteja, "Mama, huo ni wa juzi, usinunue." Mhoja naye akawa anasimamisha gari kila kona ili abonyeze mikate. Wateja wakaanza kukimbia, na Jumamosi kulikuwa na oda ya harusi kubwa. Ikiharibika hiyo, kiwanda kinafungwa.

Wenzake walinong'ona tu, lakini Shija alimwendea meneja, akijua anaweza kufukuzwa. "Bosi, umebadilisha vyeo, hukutubadilisha sisi. Tufundishwe!" Meneja akakubali.

Mhoja angeweza kunyamaza ili arudishiwe nafasi yake aliyoipenda. Badala yake, kila alfajiri alikuja kumfundisha Kalunde siri zake zote. "Dada, unga si mteja. Usiuhonge."

Kalunde alikanda mpaka mikono ikafa ganzi. Akaharibu, akalia, akakanda tena. Jumamosi mikate ikatoka laini, na huko harusini watu walikula mpaka wakamsahau bibi harusi.

Kiwandani zilipigwa vigelegele. Meneja akasema, "Sasa nataka msimamizi wa mafunzo, mwenye ofisi na mshahara mnono. Nafasi ni moja."

"Nisingesema, nani angefundishwa?" Shija akauliza.

"Nisingefundisha," Mhoja akadakia, "ungesema mpaka koo likauke."

"Na nisingejifunza mimi," Kalunde akacheka, "maharusi wangekula nini?"

Meneja akakuna kichwa, na mpaka leo anakikuna. Nawe uliyejikausha hapo nyuma, usiniambie wagawane, maana kiti ni kimoja. Haya, ungemkalisha nani?