Bomba Lililofukuza Wenye Ndoo

Akina mama kule nyuma ya pazia, sauti inafika? Haya. Na nyinyi mlioegemea mlangoni sogeeni ndani, maana leo nimekuja na hasira na sitaki kupayuka mpaka barabarani.

Kulikuwa na msikiti mmoja. Siutaji, na msianze kunong'onezana. Msikiti huo ulikuwa na kisima, na kisima chenyewe alikichimbisha bibi mmoja mjane. Aliuza bangili zake za dhahabu, zote, mikono ikabaki mitupu. Siku maji yalipotoka alisimama pale pale akasema watu wakisikia: "Wa kutawadha atawadhe, wa ndoo ajaze ndoo yake. Nataka thawabu za maji haya zinifuate kaburini."

Miaka ikaenda. Mwanawe wa kiume akawa mwenyekiti wa kamati ya msikiti. Mtu nadhifu, kanzu imenyooka pasi, simu haitoki mkononi. Alipokuwa safarini akaona hotelini bomba ambazo hazishikwi. Unaweka mkono, kuna kijicho cheusi kinauona, maji yanatoka. Ukitoa mkono, yanakatika. Mafundi wanakiita kijicho hicho sensa. Akaja nazo, akazifunga ukutani penye kutawadhia, zitoe maji ya kile kisima, watu wakasema mashallah. Hata mimi ningesema. Kitu chenyewe hakina kosa, na maji hayamwagiki ovyo.

Sasa kulikuwa na mama mmoja hapo mtaani, mumewe amepigwa na kiharusi, halali wala hainuki bila kushikwa. Mama huyu ndiye aliyekuwa akiosha maiti za wanawake wa mtaa ule. Ukifiwa na dada yako, anaitwa yeye. Hadai hata nauli. Na maji ya bomba za mtaani mnayajua, leo yapo, wiki nzima hayapo. Kwa hiyo alikuja na ndoo yake, akaiweka chini ya bomba, akaweka mkono mbele ya kile kijicho, akasubiri ijae.

Mwenyekiti akamkuta.

"Mama, hapa ni mahali pa ibada, si kioski cha maji."

"Mwenyekiti, baba watoto kajichafua. Nataka nimwoshe tu, kwetu hakuna hata tone."

"Kila mtu ana shida zake. Hii sensa imewekwa kwa ajili ya udhu. Wewe unaidanganya na huo mkono wako!"

Anaidanganya! Lahaula! Hebu niambieni, mkono wa yule mama ulikuwa wa plastiki? Kijicho kiliona mkono wa mtu, kikatoa maji, basi. Hakikuuliza huu mkono wa nani. Aliyeuliza ni mwenyekiti, anayeswali safu ya mbele!

Na hakuishia hapo. Alimwita fundi afunge spika ndogo juu ya bomba, mtu akikaa pale kupita muda wa kutawadha, spika ipige kelele. Kelele zenyewe akazirekodi yeye mwenyewe, kwa sauti yake: "Wewe! Hapa si kioski cha maji! Chukua ndoo yako uondoke!" Mzee mmoja wa magoti mabovu, mzito wa kuinama, akafokewa na ukuta kabla mguu wa pili haujapata maji. Watoto wakacheka. Yule mama wa ndoo alifokewa mara moja tu, mbele ya watu waliokuwa wanatoka kuswali Alasiri. Akaibeba ndoo nusu, hakurudi tena. Akawa anateka maji ya mtaroni, anayachemsha, ndiyo anayomwoshea mumewe mwenye vidonda vya kulala. Na waliotoka kuswali wakamwona, wakavaa viatu vyao wakaenda zao. Hao nao nina hasira nao!

Yule bibi aliyeuza bangili alikuwa bado hai, yuko kitandani, macho hayaoni. Kila mwanawe akiingia kumjulia hali, anauliza lile lile.

"Mwanangu, watu wanajaza ndoo?"

"Wanajaza, mama."

"Alhamdulillah."

Mnasikia? Mtu anamzibia mama yake thawabu, halafu anamwitikia kwa upole na kumfunika shuka.

Bibi akafariki, asubuhi, siku ambayo mtaa mzima hauna maji. Wanawake wakasema aitwe mama wa kuosha. Mngekuwa nyinyi mngekwenda? Msinijibu, nawajua. Yeye alikwenda. Akafunga kanga, akaingia chumbani, akamfumba bibi macho, akatoka mlangoni akasema, "Naomba maji."

Hakuna. Mapipa makavu. Mwenyekiti akasema maji ya mwisho ya mama yake atayateka mwenyewe. Akashika ndoo mbili, machozi yanamtoka, akaenda msikitini, na waombolezaji walikuwa wamekaa pale uani kwenye mikeka. Akapiga magoti, akaweka ndoo chini ya bomba, akaweka mkono mbele ya kijicho. Maji yakaanza kutoka.

Ndoo haijafika nusu, ukuta ukafoka: "Wewe! Hapa si kioski cha maji! Chukua ndoo yako uondoke!"

Sauti yake. Akaangalia juu, ikafoka tena. Akataka kutoa mkono akajizibe uso kwa aibu, na hapo akasikia mtu nyuma yake. Ni yule mama, amemfuata na ndoo ya tatu.

"Usitoe mkono, mwanangu," akamwambia. "Ukitoa yatakatika, na mama anasubiri."

Akabaki pale amepiga magoti, anafokewa na sauti yake mwenyewe mpaka ndoo zote tatu zikajaa.

Ndugu zangu, sasa nazungumza na sisi. Sisi tuna taa zinazowaka mtu akipita, mageti yanayojifungua gari likikaribia, simu zinazolia paka akiruka ukuta. Kila kitu chetu kinahisi mtu isipokuwa sisi! Jirani ana mgonjwa ukuta kwa ukuta na hatujui. Tukijua, tunatafuta maneno ya kumfukuzia, tena tunayapamba kwa jina la usafi wa nyumba ya Allah. Hayo maneno hayapotei. Yanakaa pale tulipoyaweka, yanatusubiri tupige magoti. Wewe uliyemwambia ombaomba wa jana "toka hapa," una hakika hutafika mlangoni kwa mtu na shida yako? Na Siku ya Kiyama utakapofika na ndoo yako tupu, unataka uitikiwe kwa sauti gani? Ile yako?

Basi niwaambie kwa nini nina hasira leo. Nimesikia jana fundi amepita hapa kwetu kupima ukuta wa penye kutawadhia, na kamati imemuuliza bei ya spika. Bomba alete, nitamshukuru. Akija na spika, mleteni kwangu kwanza. Na nyinyi mkitoka sasa hivi, pale nje amekaa mwanamke na ndoo, yupo tangu adhuhuri. Mmempita wote mlipoingia. Nataka nikitoka mimi, nikute ndoo yake imejaa.