Upanga wa Dhahabu Tupu

Hapo zamani, katika mji wa Tundwani, alitawala Sultani Darweshi, mtu aliyejiona kuwa yeye peke yake ndiye aliyezaliwa, na wengine wote waliokotwa. Kutwa aliwataja babu zake barazani, akiapa kwamba damu yao haikupata kuingiwa na tone la mtu baki. Basi ikawa amewaalika karamuni masultani wa miji ya jirani, naye akataka waione nasaba yake kwa macho. Akamwita sonara wake, Mzee Sadala, akamwambia, "Nifulie upanga wa dhahabu tupu, nao ukate kama panga za vita."

"Bwana wangu," akajibu Sadala, "dhahabu ikiwa peke yake ni laini. Chembe zake hushikana, lakini kwa kuwa zalingana, huteleza moja juu ya nyingine. Ndiyo maana twaifua ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Tukitia shaba, chembe ngeni huuzuia ule utelezi, ikawa ngumu. Niruhusu nichanganye."

"Unichanganyie mimi!" akafoka Sultani. "Mtieni gerezani, na baada ya karamu auawe!"

Alikuwapo fukara mmoja, Vuai, mtu wa maneno mengi na kanzu moja, aliyelala karakanani kwa Sadala na kulishwa na mke wa mzee huyo. Aliposikia habari hiyo akaliacha tonge sahanini. Akaenda barazani na miguu yake ya vumbi, wakuu wakaziba pua.

"Bwana wangu, upanga huo nitaufua mimi," akasema. "Ukikata, nipe Sadala. Na usipokata?"

"Usipokata, mwehu wewe, utakatwa shingo kwa upanga huohuo, wala si kwa mwingine!"

"Nimesikia," akasema Vuai akiinama, "na baraza zima limesikia."

Akapewa dhahabu ya hazina, akaiyeyusha, akaifua upanga mrefu unaong'aa, wakuu wakausifu hata kabla hawajauona. Siku ya karamu Sultani akauinua mbele ya wageni, akaupiga nao muwa kwa nguvu zake zote. Muwa ukabaki mzima. Upanga ukapinda ukalala kama mgomba uliokwisha kuzaa. Mgeni mmoja akakohoa ili asicheke.

"Mkateni huyu!" akalia Sultani.

Mkata vichwa akachomoa upanga wake. Vuai akainua mkono.

"Hasha! Huo ni chuma cha pua, chuma kilichotiwa makaa. Mchanganyiko, bwana wangu! Mbele ya nasaba yako? Tena ulisema kwa upanga uleule, wala si kwa mwingine."

Sultani hakuweza kulitangua neno lake mbele ya masultani wenzake. Basi mkata vichwa akaunyoosha ule wa dhahabu, akaushusha shingoni mwa Vuai kwa kishindo. Vuai akaona nyota, akaanguka kifudifudi. Alipoinuka, upanga ulikuwa umemzunguka shingo kama kidani cha bibi harusi.

"Ahsante," akasema akipapasa kisogo. "Sijapata kuvishwa pambo na Sultani."

Wageni wakacheka mpaka sharubati ikawatoka puani. Sultani, uso umemwiva, akaamuru Sadala, ambaye maneno yake yametimia, afunguliwe upesi, akidhani kicheko kitakwisha. Hakikwisha. Na alipoletwa yule mzee, Sultani akashikwa na wasiwasi, akavua taji, akamnong'oneza, "Na hili ulilonifulia, si dhahabu tupu?"

Vuai ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Lingekuwa tupu, bwana wangu, lingekwisha kunyong'onyea likakuangukia masikioni. Lina shaba ya kutosha. Kwani lingekistahimilije kichwa hicho miaka yote hii?"

Sultani akaligeuza taji mikononi, akawatazama wageni wake mmoja mmoja, kisha akalivaa tena, maana hakuwa na jingine. Vuai akamshika Sadala mkono, wakatoka zao kwa mlango mkubwa, na dhahabu ya hazina i shingoni mwake.