Mifupa Inayokomaa Kivulini

Paukwa!
Pakawa!
Kilima kipo?
Kipo!
Na msitu wake?
Umeliwa na tanuri la mkaa!
Basi sogeeni, niwape uongo wangu.

Hapo kale Kindi alikuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Wanyama, akifundisha mabadiliko ya tabianchi. Wanafunzi wake walijua kila kitu. Ukiwauliza, "Miti inafanya nini?" wanajibu kwa pamoja, "Inanyonya hewa ya ukaa, Mwalimu!" Lakini dirishani kilionekana kilima alikozaliwa Kindi, kipara kitupu. Fisi alikata, akachoma mkaa, akakata, akachoma mkaa, mpaka miti ikaisha. Na bado akanguruma, "Kilima changu! Atakayekikanyaga nitamtafuna!"

Maskini Kindi! Kindi mzima, analala chini! Alikuwa na hamu ya kwao, jamani, hamu ya ukungu wa asubuhi na tawi linalobembea. Hata akifundisha, macho yalikuwa dirishani.

Siku moja mwanafunzi wake Digidigi akamwuliza, "Mwalimu, haya tunayosoma tutayafanya lini?"

Kindi akamwona Fisi anapita nje. Akapaza sauti, "Leo tunasoma mifupa! Kule kilimani imezikwa mifupa ya tembo, minono hiyo!"

Fisi huyoo, mbio! Akachimba, fuku fuku fuku! Hamna. Akasogea mbele, fuku fuku fuku! Hamna. Mlafi hageuki nyuma. Na nyuma yake wanafunzi, wamebeba miche ya miti, wanatia mche shimoni, wanafukia, pu! Wanatia mche, wanafukia, pu!

Fisi akafika kileleni hoi, akageuka. "We Kindi! Mifupa iko wapi? Na haya majani ni nini?"

"Taratibu, mzee. Mifupa iko chini zaidi, bado michanga. Inakomaa kivulini. Ukiung'oa mche, mfupa unageuka jiwe."

"Jiwe? Loo!" Mate yakamdondoka. Tangu hapo, kumwagilia ni yeye, kulinda ni yeye. Mbuzi akisogea tu, "Toka hapa!"

Wanafunzi wakashangilia. Kindi akaufuata mche mmoja, akaukwea. Ukainama mpaka chini. Akashuka, akaukumbatia.

"Kua, mwanangu," akaunong'oneza. "Kua upesi. Nimezeeka, na nimekumbuka kwetu."

Akajilaza pale pale mchangani, akangoja.

Funzo: wazazi, msipoteze ada kupeleka watoto chuoni. Mlafi mmoja anatosha kuotesha msitu.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Utamu bebeni nyinyi, uongo niachieni mwenyewe.