Firigisi Mbili za Evodia

Tangu kulipokucha, Evodia hakujua ashike lipi aache lipi. Alikwenda zizini kuwafungulia mbuzi, akarudi bila kuwafungulia. Alibandika sufuria ya mlenda, akasahau kutia maji. Siku hiyo mshenga alikuwa anatoka Kiomboi kuja kumposea Nathan binti yake, Jenipher, naye Jenipher alimpenda Nathan wake kufa na kupona. Posa haikumsumbua Evodia. Kilichomsumbua ni firigisi.

Katika ukoo ule, kuku wa wageni akiiva, anayewekewa firigisi ndiye mkubwa wa nyumba, na ndiye anayepokea barua ya posa. Enzi za marehemu mumewe hapakuwa na ubishi. Sasa walibaki wawili. Laurenti, kaka wa marehemu, alikuwa na haki ya damu, ingawa alionekana pale kwa nadra kama mvua ya Julai. Gerald, kaka yake Evodia, ndiye aliyejenga zizi na kuwachanja kuku kila ugonjwa wa kideri ulipobisha hodi.

“Mama, chagua mmoja,” Jenipher alimsihi huku akimnyonyoa jogoo. “Atakayenuna na anune.”

“Nikimpa mjomba wako, watasema nimeiba mtoto wa ukoo. Nikimpa baba yako mkubwa, kaka yangu hatakanyaga hapa tena.”

“Baba yake Nathan hatumi barua mara mbili, mama. Mpe yeyote.”

Maskini Evodia, akili ikamruka. Akamtoa tetea aliyekuwa anaatamia, akamchinja naye, mayai kumi na moja yakabaki yanapoa. Firigisi zikawa mbili, akajiona mjanja kweli kweli.

Wazee na mshenga walipoketi na ugali wa mtama ulipotengwa, alizibadilisha bakuli mbili zenye firigisi mara tatu. Zilipofunuliwa, Gerald alikuwa na firigisi nono ya jogoo. Ya Laurenti, ya tetea aliyekondeshwa na mayai, ilikuwa kama punje ya karanga.

“Shemeji,” Laurenti aliuliza taratibu, “siku hizi nyumba hii ina wakubwa wawili?”

“Kama yupo mwingine, basi ajibu yeye,” Gerald alisema, akaisukuma bakuli.

Mshenga, mzee Benson, aliitoa barua akaishika kwa mikono miwili. “Wazee wangu, nani anaipokea?”

Laurenti alitazama dari. Gerald alitazama mlango. Evodia alimtazama huyu, akamtazama yule. Hata pale neno moja, “Pokea,” lingetosha, lakini hakujua alielekeze kwa nani.

Mzee Benson alisubiri, akasubiri, mwisho akairudisha barua mfukoni. “Walionituma wananisubiri nirudi na jibu,” alisema kwa huzuni, akaaga.

Jikoni, Jenipher alijifunika uso kwa kanga akalia kwa kwikwi. Mama yake alisimama kizingitini, asijue aende kwa mtoto au amkimbilie mshenga, na huku anafikiri, pikipiki iliyombeba mshenga ikaondoka. Wahenga hawakukosea: njia mbili zilimshinda fisi.