Matanga ya Babu Kiboko

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa na nini?"

"Na kilima!"

"Kilima cha nani?"

"Cha Fuko!"

"Haya, basi, fungeni midomo. Nikiwaacha mtanimalizia hadithi, mimi nibaki na mate mdomoni."

Hapo kale, wala si kale sana, kale ya juzijuzi tu, palikuwa na nchi ya wanyama, na katika nchi hiyo palikuwa na kilima. Ndani ya kilima alikaa Mama Fuko na wanawe sita. Juu alipanda karanga, chini alichimba vyumba. Hakuwa na makuu.

Siku moja akatua Korongo kutoka ng'ambo. Miguu mirefu, mdomo mrefu, maneno mafupi. Akachomeka mdomo kilimani, du! du! du! Akauchomoa, akatega sikio. Ardhi ikapumua: fssssss.

"Gesi," alisema Korongo. "Nyingi." Akaruka, akaenda kuleta mitambo.

Lo! Nchi ikapandwa na wazimu. Nyani akatupa jembe. "Nilime nini, na gesi inakuja?" Ngiri akaacha viazi vyake vioze shambani. "Nivune nini, na gesi inakuja?" Kobe akayasukuma mafiga yake yote matatu mtoni, chubwi, chubwi, chubwi. "Nikoke kuni za nini, na gesi inakuja?" Masika yakaja yakapita, gesi inakuja. Vuli ikaja ikapita, gesi inakuja. Iliyofika kwanza ilikuwa njaa.

Hatimaye Korongo akarudi na mitambo na karatasi. Akauliza mbele ya watu wote, "Mwenye kilima ni nani? Atapata fidia, na atapata fungu lake la gesi."

Kabla Mama Fuko hajafungua kinywa, Kiboko alishajibu. Mnamjua Kiboko? Mwenye bwawa ni yeye, mwenye majani ya bondeni ni yeye, mwenye ghala la maboga ni yeye, na bado anaona hajapata.

"Mimi," alisema Kiboko.

"Ushahidi?"

"Kaburi la babu yangu lile pale juu. Mtu anazikwa kwao."

Na kweli, juu ya kilima, katikati ya karanga za watu, palikuwa na kaburi. Limepangwa mawe, limemwagiwa maji, limepandwa maua. Jana yake halikuwapo. Lakini desturi ya nchi ile ndiyo hiyo: palipo na kaburi la babu yako ni pako, na mwenye kubisha ana laana.

Mama Fuko alilijua kaburi lile kwa upande wa chini. Lilikuwa limetoboa dari ya chumba chake cha karanga, na aliyelala ndani hakuwa babu wa mtu. Ulikuwa mgomba, umeviringishwa shuka kuukuu. Sasa atamwambia nani? Kufukua kaburi ni mwiko. Na Kiboko alikuwa na mashahidi watatu, wote ndugu zake, wote wamenenepa.

"Siku saba," alisema Korongo. "Kisha tunachimba. Bi Fuko, uhame."

Ahame aende wapi? Wanawe sita walikuwa bado hawajafumbua macho. Mtoto wa fuko ukimtoa juani kabla hajafumbua macho, humwoni tena. Mama Fuko hakukaa chini. Aliingia chumba hiki akatoka chumba kile. Aliwagusa watoto mmoja mmoja, akafika mlangoni, akarudi akawagusa tena. Huko juu mitambo ilikuwa inajaribiwa, du! du! du!, na kila ikipiga, udongo ulidondoka usoni mwa watoto naye akaupangusa. Aliogopa, na alijichukia kwa kuogopa.

Siku ya tatu, akiwa bado anapangusa, akasimama ghafla.

"Ala! Kwani mimi na Kiboko si watani?"

Jamani, mtani mnamjua. Ukoo wa Fuko na ukoo wa Kiboko walitaniana tangu enzi za mababu. Mtani hana kosa msibani. Atamtukana maiti, atacheka wenzake wakilia, ataingia kaburini alale chali, na hatoki mpaka wafiwa watoe kitu. Ukimkasirikia mtani, umeuaibisha ukoo wako wote.

Mama Fuko akajipaka majivu, akaweka mikono kichwani, akaenda mpaka uani kwa Kiboko.

"Uwiii! Uwiii! Babu umekwenda, babu! Mlafi wangu! Hata kufa umekufa unatafuna!"

Wanyama wakatoka mbio kuja kutazama. Kiboko akachungulia. "Wewe, una nini?"

"Namlilia babu, mtani wangu. Kumbe mlimzika kimyakimya!"

"Alikufa zamani."

"Zamani? Mtani gani aliingia kaburini mkamhonga atoke?"

Kiboko akawatazama ndugu zake.

"Mtani gani alimtukana maiti?"

Ndugu zake wakatazama kwato zao.

"Basi hamkumzika huyo, mmemficha! Haya, matanga yaanze leo, siku arobaini. Na matanga yasipoanuliwa, udongo wa msibani hauguswi. Si kwa jembe, si kwa mtambo, si kwa mdomo!"

Korongo, aliyekuwa amechomeka mdomo ardhini, akauchomoa polepole.

"Ndivyo ilivyo!" alipaza sauti Nyani. "Desturi ni desturi!" Ngiri na Kobe nao wakaitikia. Msiniulize walikumbuka lini desturi. Wafiwa hulisha waombolezaji, na wale walikuwa na miezi hawajaonja kitu cha maana.

Siku ya kwanza Mama Fuko akalala juu ya kaburi.

"Hodi wafiwa!"

"Umeleta nini?" aliuliza Kiboko, maana ndivyo inavyopasa kuuliza.

"Nimeleta machozi na tumbo. Sitoki hapa bila maboga kumi."

Yakatoka maboga kumi. Wanyama wakala, nyamu nyamu nyamu.

Siku ya pili akalala tena.

"Hodi wafiwa!"

"Umeleta nini?"

"Nimeleta machozi na tumbo. Sitoki hapa bila maboga ishirini."

Yakatoka ishirini. Nyamu nyamu nyamu. Nyani aliomboleza mpaka akashindwa kupanda mti.

Siku ya tatu, thelathini. Siku ya nne Kiboko akamvuta Mama Fuko pembeni. "Mtani, chukua boga hili moja, lako peke yako, twende tukanyamaze."

"Mtani wangu, hilo nitakula. Kunyamaza siwezi, uchungu umenizidi."

Akacheka mbele za watu, lakini moyo wake haukutulia. Je, kama ghala la Kiboko halina mwisho? Je, kama siku arobaini zitafika? Kila jioni alishuka mbio kuwatazama watoto. Siku ya tano wawili walikuwa wamefumbua macho. Wanne bado.

Korongo naye alikuwa hatulii. Alisimama kwa mguu wa kulia, akasimama kwa mguu wa kushoto. Siku ya nane akamwambia Kiboko, "Mtambo unashika kutu. Kesho nisipochimba, nakwenda nchi nyingine. Gesi haiko kwenu tu."

Siku ya tisa ghala lilikuwa limebaki na boga moja, la mbegu. Kiboko alikuwa amelikalia.

"Hodi wafiwa!"

Kiboko hakuuliza kitu.

"Nimeleta machozi na tumbo," alisema Mama Fuko. "Leo babu analitaka hilo ulilokalia. Na zimebaki siku thelathini na moja."

Kiboko akatazama boga. Akamtazama Korongo anayefunga mizigo. Akapasua kinywa, nchi nzima ikasikia:

"Babu gani! Hakuna babu! Hakuna maiti! Ule ni mgomba! Mgomba! Ondokeni, chimbeni!"

Ilisikika gesi tu, fssssss. Kisha Kobe, mpole wa watu, akauliza, "Kwa hiyo kilima ni cha nani?"

"Cha Fuko!"

Kiboko akateremka bwawani na boga lake, akazama mpaka masikio. Korongo hakujali hata kidogo. Akaigeuza karatasi ikamwelekea Mama Fuko. "Bi Fuko, weka dole gumba hapa."

Mama Fuko hakuweka. "Gesi ikitoka inakwenda wapi?"

"Melini."

"Kisha?"

"Kisha narudisha gharama zangu."

"Kisha?"

"Kisha na nyinyi mtapata."

"Lini?"

Korongo akatazama mawingu. "Matarajio ni mazuri."

"Matarajio hayaivishi maharage," alisema Mama Fuko. "Siku utakayowasha moto kwenu, siku hiyohiyo uwake jikoni kwa Kobe. Na utoboe ubavuni mwa kilima, usiguse juu ya wanangu."

"Hayo hayamo kwenye karatasi."

"Yaandike."

Korongo akafunga karatasi, puruuu, akaruka zake.

Weee! Waliokula maboga tisa kila mmoja wakamgeukia. "Umetufukuzia neema!" alifoka Ngiri. "Kiboko angetupa walau kidogo!" alisema Nyani. Kobe hakusema kitu, na hilo ndilo lililomuuma Mama Fuko kuliko yote. Akashuka chini, akazunguka vyumba vyake. Nimeokoa nyumba, au nimeifukuza bahati ya watu? Alijiuliza akipanda, akajiuliza akishuka. Watoto wote sita walikuwa wamefumbua macho, wanamtazama mama yao asiyetulia. Furaha aliiona, akashindwa kuishika.

Zikapita siku. Nyani akaokota jembe lake, huku akinuna. Siku ya kumi na mbili tangu Korongo aruke, asubuhi, kivuli chembamba kikaziba mlango.

"Hodi, Bi Fuko."

"Nani?"

"Ni mimi, Korongo. Huko kwingine..." Akakohoa. "Yale maneno yako, moto uwake siku moja kwetu na jikoni kwa Kobe. Nimekuja na kalamu."

Mama Fuko akageuka, akawagusa watoto mmoja mmoja. Kisha akajibu.

"Karibu ukae. Ila angalia unapokanyaga, hizo ni karanga."

Na mimi hadithi yangu naiacha hapohapo mlangoni. Mwenye masikio aibebe, asiye nayo aazime.

Sasa mafunzo, msije mkasema sikuwafunza. Mkubwa akitaka kilima chako, mpe upesi, usimsumbue na desturi za kizamani. Karatasi ukiletewa, weka dole, kusoma kunaharibu macho. Na ukisikia gesi inakuja, tupa jembe siku hiyohiyo. Mimi mwenyewe nilinunua jiko la gesi mwaka uleule walipotangaza. Zuri, jipya, linang'aa. Kuku wangu anatagia humo.