Picha Iliyotiwa Fremu

Mkakasi ni kijisanduku kinachovutia macho kwa nakshi zake, lakini ukiukwangua utakuta ubao tu. Wahenga hawakumjua Imogen Tressider wa Hobart, ila walimsema.

Imogen alikuwa mtafiti wa magonjwa ya chaza. Chaza wa mfugaji Dougal Hansford walikuwa wakifa kila kiangazi, na mzee huyo alitaka kujua jambo moja tu: kati ya chaza wazazi alioachiwa na baba yake, ni wepi wanaorithisha udhaifu huo? Imogen akapima jeni, protini na bakteria, mafungu matatu ya data kutoka kwa chaza wale wale. Vipimo vilikuwa maelfu kwa maelfu, na ilibidi avifinye vyote viingie katika picha moja.

Mbinu za kompyuta za kuvifinya zilikuwa mbili. Ya kwanza haiambiwi nani mgonjwa na nani mzima. Hutafuta yenyewe yale ambayo mafungu yote yanakubaliana. Hiyo ilimpa wingu la nukta, kila nukta chaza mmoja, vurugu tupu. Ya pili huambiwa mapema, kisha husaka cha kuwatenganisha. Hiyo ikampa nukta nyekundu za wagonjwa huku, za buluu za wazima kule, safi kama nguo zilizopigwa pasi. Imogen akaipenda papo hapo.

"Umeijaribu lakini?" akauliza Kiran, mwenzake wa meza ya pili. "Changanya lebo kiholela, mzima umwite mgonjwa, uone kama bado itawatenganisha."

"Wivu huo, Kiran! Picha zako zote ni uji uliomwagika."

"Haya, cheka. Vipimo maelfu, na chaza wenyewe hawajazi ndoo! Hapo hata matone ya mvua utayagawa makundi mawili."

Hakuijaribu. Kusema kweli aliogopa, naye akauita woga wake kukosa nafasi. Akampelekea Dougal picha pamoja na orodha ya wazazi dhaifu iliyotokana nayo, na Dougal, kwa kuiamini, akawatoa chaza wazazi waliotajwa na kuwaua wote.

Kiangazi kiliporudi, watoto wa wale waliobakizwa wakafa vile vile. Ndipo Imogen alipochanganya lebo. Picha ikatokea tena, ingawa lebo sasa zilikuwa za kubuni, nyekundu huku, buluu kule, safi vile vile. Uso ukamwaka kwa aibu. Mbinu haikumdanganya, ilimpa alichoiomba.

Akaendesha gari hadi kwa Dougal. Alimkuta bandani akikung'uta vikapu, na ukutani picha ile ikining'inia ndani ya fremu.

"Ingia, binti. Birika limechemka."

"Dougal, picha ile ni bure. Niliambiwa niipime, nikakataa."

Mzee akaweka kikapu chini. "Na wale wa baba?"

"Hatukuwa na ushahidi wowote juu yao." Imogen alitamani ardhi ipasuke immeze.

Dougal hakufoka, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliiteremsha picha, akaichomoa kwenye fremu, akampa.

"Nenda nayo. Fremu niachie, mke wangu Noreen aliichonga kwa mkono wake."

Njia nzima picha ililala kifudifudi kwenye kiti cha pembeni, na Imogen hakuthubutu kuigeuza. Sasa alijua alichompelekea yule mzee: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.